Namna ya kukokotoa na kusoma korelesheni na mstari wa regresheni

Wanafunzi wengi wa takwimu hukariri kanuni ya korelesheni na ya regresheni kwa pamoja, na kwa kuwa zinafanana sura, huzichanganya siku ya mtihani. Kanuni hizo zinajibu maswali mawili tofauti. Korelesheni hupima jinsi nukta zinavyoukaribia mstari ulionyooka. Regresheni huutaja mstari wenyewe, yaani kiasi ambacho kipimo kimoja kinatarajiwa kubadilika pale kingine kinapoongezeka kwa moja.

Tuchukue namba za zoezi, zilizotungwa ili hesabu iwe nyepesi. Vipande vitano vya shamba vyenye ukubwa sawa vimewekwa mbolea kilo 1, 2, 3, 4 na 5, na mavuno ya mahindi yakawa sado 3, 5, 4, 8 na 10 kwa mfuatano huo. Kabla ya kushika kikokotoo, chora grafu yenye mbolea kwenye mhimili wa mlalo na mavuno kwenye mhimili wa wima, kisha uweke nukta zote tano. Hatua hii hurukwa na wengi, ingawa kwa maoni yangu ndiyo yenye thamani kuliko zote.

Tafuta wastani wa kila upande: mbolea ni 3, mavuno ni 6. Ukitoa wastani katika kila namba, mbolea itabaki −2, −1, 0, 1, 2, na mavuno −3, −1, −2, 2, 4. Zidisha tofauti hizo jozi kwa jozi, kisha ujumlishe: 6 + 1 + 0 + 2 + 8 = 17. Jumla imekuwa chanya kwa sababu vipande vilivyopata mbolea chini ya wastani vilitoa pia mavuno chini ya wastani, na hasi mara hasi ni chanya. Sasa pandisha kila tofauti kwenye kipeo cha pili na ujumlishe kila upande peke yake. Utapata 10 kwa mbolea na 34 kwa mavuno.

Namba hizo tatu zinatosha kwa kazi yote iliyobaki. Mteremko, yaani ongezeko la mavuno linalotarajiwa kwa kila kilo moja ya mbolea, ni 17 ÷ 10 = 1.7. Kwa kuwa mstari lazima upite kwenye nukta ya wastani zote mbili, unaanzia kwenye mhimili wa wima penye 6 − (1.7 × 3) = 0.9, na mlinganyo wake ni y = 0.9 + 1.7x, ambapo x ni mbolea na y ni mavuno. Kizigeu cha korelesheni, r, ni 17 ikigawanywa kwa kipeuo cha pili cha 10 × 34, ambacho ni takribani 18.44, jibu ni 0.92. Thamani ya r haitoki nje ya −1 na 1. Ukipima mavuno kwa debe la lita 20 badala ya sado ya lita 4, mteremko utashuka hadi 0.34, lakini r itabaki 0.92 ileile, kwa hiyo r kubwa si ushahidi wa mteremko mkali.

Pandisha r kwenye kipeo cha pili upate 0.85: asilimia 85 ya utofauti wa mavuno inaelezwa na mstari huu. Asilimia 15 iliyobaki imo katika masalio, yaani mavuno halisi ukitoa mavuno yanayokadiriwa na mstari: 0.4, 0.7, −2, 0.3 na 0.6. Jumla yake ni sifuri, na jumla ya vipeo vyake vya pili ni 5.1, ambayo hakuna mstari mwingine ulionyooka utakaoipunguza zaidi. Kanuni hiyo ya kuchagua mstari wenye jumla ndogo kabisa ya vipeo hivyo ilichapishwa na mwanahisabati Mfaransa Legendre mwaka 1805. Tazama kipande cha tatu. Peke yake kinabeba 4 kati ya hiyo 5.1, na mtafiti makini angekwenda kukitazama shambani, pengine kiko chini ya kivuli cha mwembe, kabla ya kuendelea na hesabu.

Jina regresheni, lenye maana ya kurudi nyuma, lilitokana na mwanasayansi Mwingereza Francis Galton, ambaye mwaka 1886 alichapisha vimo vya watu wazima 928, watoto wa wazazi jozi 205. Aliona kwamba wazazi waliouzidi wastani kwa inchi 3 walikuwa na watoto waliouzidi kwa takribani inchi 2 tu, kana kwamba kimo kinarudi kuelekea wastani.

Kuhusu umuhimu wa kuchora grafu, mwaka 1973 mwanatakwimu Francis Anscombe alitunga seti nne za nukta 11, zote zikiwa na r ya takribani 0.82 na mstari uleule, y = 3 + 0.5x. Zikichorwa, moja ni mtawanyiko wa kawaida, ya pili ni mkunjo, ya tatu ni mstari ulionyooka wenye nukta moja iliyopotoka, na ya nne ina thamani moja tu ya x kwa nukta kumi, huku nukta ya kumi na moja ikiuamua mteremko peke yake.

Usiutumie mstari nje ya eneo ulilolipima. Mlinganyo wetu unakadiria sado 34.9 kwa kilo 20 za mbolea, ilhali mbolea nyingi kiasi hicho inaweza kuunguza mimea. Vilevile, ikiwa vipande hivyo ni vya wakulima mbalimbali, huenda aliyemudu mbolea nyingi ndiye pia aliyepalilia mapema, na r haiwezi kukuambia ni kipi kati ya hivyo viwili kilichojaza ghala lake.