Uliza mashine inapita saa ngapi

Kwa sisi watu wazima wa Arusha tunaopenda kuteleza kwenye barafu kwa viatu vya chuma, uwanja wa barafu uko Nairobi, karibu kilomita 270 kupitia Namanga, kwa hiyo saa moja ikipotea inauma. Kabla hujakata tiketi ya basi, piga simu uwanjani. Usiulize tu wanafungua saa ngapi: uliza mashine ya kulainisha barafu inapita saa ngapi, kisha lipia kipindi kinachofuata, asubuhi ya siku ya kazi, watoto wakiwa shuleni. Ile mashine inakwangua barafu juu juu na kumwaga maji ya moto kidogo. Yakiganda, mikwaruzo inazibika na chuma cha kiatu kinashika vizuri, hasa kama ndiyo kwanza unajifunza kuzunguka. Ila usiingie mbio. Ikiwa bado inang'aa kama sakafu iliyotoka kupigwa deki, maji hayajaganda. Funga kamba zako taratibu. Aprili, Agosti na Desemba mbinu hii haisaidii, shule za Kenya zimefungwa na hata asubuhi watoto wamejaa, huwezi kurudi kinyumenyume bila kumgonga mtu. Miezi hiyo nabaki Arusha na viatu vya magurudumu, uwanja wa kikapu, alfajiri.