Mtoto Akiharisha: Namna ya Kumrudishia Maji Nyumbani, Hatua kwa Hatua

"Nesi, naomba dawa ya kufunga tumbo." Ombi hili nalisikia kliniki karibu kila msimu wa mvua, na jibu langu halibadiliki: mtoto mdogo hapewi dawa ya kufunga tumbo. Kuharisha kwa watoto mara nyingi huletwa na virusi, rota akiwamo, na huisha kwenyewe baada ya siku chache. Hatari iko kwenye maji na chumvi vinavyotoka mwilini bila kurudishwa. Kwa hiyo kazi yako nyumbani ni kurudisha kinachotoka. Hayo ya kuziba yaache.

Hatua ya 1: Hakikisha ni kuharisha kweli

Tunahesabu kuharisha pale mtoto anapopata choo cha majimaji mara tatu au zaidi ndani ya saa 24. Kichanga anayenyonya maziwa ya mama pekee anaweza kupata choo laini cha njano, chenye chembechembe, kila anapomaliza kunyonya, na hana shida yoyote. Huyo mpime kwa kawaida yake mwenyewe: je, leo kimekuwa cha maji zaidi na cha mara nyingi zaidi kuliko jana?

Halafu kuna lile la meno. "Anaota meno" imechelewesha watoto wengi kupata huduma. Ni kweli meno huanza kuchomoza karibu na miezi 6, lakini umri huohuo ndio mtoto anaanza kula uji na kuokota kila anachokiona sakafuni na kukitia mdomoni. Vijidudu vinaingia kwa njia hiyo, meno yanasingiziwa. Na tafadhali, asije mtu akakwambia mtoto ana "meno ya plastiki" yanayotakiwa kung'olewa. Hakuna meno ya plastiki. Kile cheupe kinachoonekana kwenye ufizi ni jino changa la kawaida ambalo halijatoka. Kulichimbua ni kumletea mtoto kutokwa damu na maambukizi juu ya ugonjwa alio nao, na meno yake ya ukubwani yanaweza kuharibika.

Hatua ya 2: Mkague kabla ya kuchanganya chochote

Mlaze chali mahali penye mwanga. Tazama macho: yameingia ndani kuliko kawaida yake? Mama ndiye anayemjua mtoto, kwa hiyo usiogope kumwambia mhudumu "macho haya siyo ya mwanangu." Akilia, machozi yanatoka? Mdomo na ulimi vina mate au vimekauka? Mara ya mwisho kukojoa ilikuwa lini?

Sasa ngozi. Weka vidole viwili tumboni, katikati ya kitovu na ubavu. Kamata ngozi pamoja na nyama laini iliyo chini yake, inyanyue kwa sekunde moja, kisha achia. Kwa mtoto mwenye maji ya kutosha ngozi inarudi papo hapo, huoni hata ilipokuwa imekamatwa. Ukiona mkunjo umebaki hata kidogo kisha ndiyo unalala, amepungukiwa maji. Ukikaa zaidi ya sekunde mbili, usisome tena maelezo haya. Nenda kituo cha afya.

Kwa kichanga, utosi uliobonyea una maana hiyohiyo. Wapo wanaompeleka mtoto wa namna hiyo akapakwe dawa utosini. Utosi umeshuka kwa sababu maji yameisha mwilini, na utapanda maji yakirudi. Dawa ya kupaka haifiki huko.

Usibaki nyumbani iwapo mtoto hawezi kunywa au kunyonya, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea au ni mgumu kuamka, au choo kina damu. Mtoto wa chini ya miezi miwili akiharisha apelekwe mara moja, hata kama anaonekana mchangamfu. Njiani endelea kumnyonyesha, na kama anaweza kumeza mpe ORS (unga wa pakiti wenye chumvi na sukari, unaochanganywa na maji) kidogo kidogo.

Hatua ya 3: Changanya ORS

Nawa mikono kwa sabuni. Soma pakiti, maana zipo za lita moja na zipo za ujazo mdogo, na hapa ndipo makosa mengi yanapotokea. Pakiti ya lita moja inataka lita moja kamili: chupa kubwa ya maji ya kunywa ya lita moja, au chupa mbili za nusu lita. Tumia maji safi, yaliyochemshwa na kupozwa kama unaweza. Mimina pakiti nzima na koroga hadi chembe zote ziyeyuke.

Usigawe pakiti nusu kwa macho. Usiongeze sukari wala juisi ili mtoto aipende. Mchanganyiko ukiwa mzito chumvi inazidi mwilini. Ukiwa mwepesi hausaidii. Vipimo hivyo vina sababu: kwenye utumbo, sukari ndiyo inayoisaidia chumvi kupita kwenda kwenye damu, na chumvi inavuta maji kuifuata. Njia hiyo inaendelea kufanya kazi hata wakati mtoto anaharisha sana. Mwaka 1971 daktari Dilip Mahalanabis aliitumia huko India kwenye kambi ya wakimbizi waliokumbwa na kipindupindu, dripu zilipowaishia, na vifo vikashuka sana. Basi usiidharau kwa sababu ya bei yake.

Funika chombo. Baada ya saa 24 mwaga kilichobaki, uchanganye upya.

Kama duka la dawa limefungwa na zahanati iko mbali, mchanganyiko wa kusogezea usiku ni lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kufuta, si vya mlima. Onja: ukiwa na chumvi kuliko machozi, mwaga uanze tena. Soda, juisi za pakiti na chai ya sukari nyingi visitumike, kwani sukari ikizidi huongeza kuharisha.

Hatua ya 4: Mnyweshe, kwa kijiko

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na ndipo wazazi wengi wanapokata tamaa.

Kiasi ni hiki. Kila baada ya choo cha majimaji, mtoto wa chini ya miaka miwili apewe mililita 50 hadi 100, yaani robo hadi nusu kikombe. Wa miaka miwili na kuendelea apewe mililita 100 hadi 200. Akitaka zaidi, mpe.

Kasi ndiyo siri. Mtoto mwenye kiu ukimpa kikombe atagugumia, tumbo litajaa ghafla, na atatapika chote. Hapo mama anasema "ORS imemkataa", na chupa inawekwa kando. Haijamkataa, imeingia kwa haraka tu. Mpakate akiwa ameinuka kidogo, kichwa kwenye mkono wako, umpe kijiko kimoja cha chai kila dakika moja au mbili. Mimina pembeni mwa mdomo, ndani ya shavu, usubiri ameze ndipo uchote kingine. Anayegoma kijiko, tumia bomba la sindano lililotolewa sindano yake. Wa umri wa kushika kikombe, mwache anywe mafunda madogo madogo.

Unaona ni kidogo? Piga hesabu. Kijiko cha chai ni kama mililita 5. Kimoja kila dakika ni mililita 300 kwa saa. Hakuna mtoto anayeweza kukunywea hayo kwa kikombe akiwa anatapika.

Akitapika, tulia dakika 10, kisha anza tena polepole zaidi, kijiko kila dakika mbili au tatu. Kutapika mara moja au mbili hakufuti kazi yote, kuna kiasi kimeshapita. Usiku pokezaneni. Baba yupo, shangazi yupo. Kunywesha hakuhitaji maziwa ya mtu.

Anayenyonya aendelee kunyonya, mara nyingi na kwa muda mrefu kuliko kawaida, ORS ikiingia katikati. Hata wa chini ya miezi 6 anapewa ORS akiharisha.

Hatua ya 5: Zinki, na uimalize

Zinki ni madini yanayotolewa kwa vidonge pamoja na ORS. Mtoto wa miezi 6 na zaidi anapewa kidonge kimoja cha miligramu 20 kwa siku. Wa chini ya miezi 6, nusu kidonge. Weka kidonge kwenye kijiko, dondoshea maziwa ya mama au maji safi, kinayeyuka chenyewe muda si mrefu. Akikitapika ndani ya nusu saa, rudia.

Dozi ni siku 10 hadi 14, kama ulivyoandikiwa. Choo kitakuwa kizuri siku ya tatu au ya nne, na vidonge vitabaki kabatini. Vimalize: siku hizo zilizobaki ndizo zinazomkinga asiharishe tena miezi miwili mitatu inayofuata.

Nikizungumzia dawa: Flagyl na antibayotiki nyingine zisinunuliwe kwa kukisia. Tunaziandika panapokuwa na sababu, kwa mfano choo chenye damu au kipindupindu.

Hatua ya 6: Mlishe

Usimfungishe mtoto kwa hoja ya kupumzisha tumbo. Mpe chakula chake laini cha kila siku, kidogo kidogo na mara nyingi: uji mzito uliotiwa karanga au maziwa, ndizi zilizopondwa, viazi, mtori, wali laini na supu. Kijiko kimoja cha mafuta kwenye uji kinasaidia. Akipona mwongezee mlo mmoja kwa siku kwa wiki mbili, halafu mpeleke akapimwe uzito ili muone kwenye kadi ya kliniki kama mstari umepanda.

Ukiwa huko, mwombe nesi aangalie chanjo ya rota. Kwa ratiba ya Tanzania hutolewa kwa matone ya mdomoni wiki ya 6 na ya 10. Haizuii kila kuharisha, ila inapunguza kule kukali.

Na hata kama hana dalili yoyote ya hatari, mrudishe kituoni siku ya tatu akiwa bado anaharisha vilevile, au mapema zaidi akianza homa. Kuharisha kulikofika siku 14 kuna uchunguzi wake na chakula chake maalumu, wala usikusubiri nyumbani.