Ufunguo wa choo na khanga ya akiba: kuishi na vidonda vya utumbo mpana

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Morogoro mjini, mzaliwa wa Tanga. Nina ugonjwa wa vidonda vya utumbo mpana, hospitalini wanauita kolaitisi. Usiuchanganye na vile vidonda vya tumbo vya kiungulia. Huu uko chini, unaanzia karibu na njia ya haja kubwa na kupanda juu, na kinga ya mwili wako mwenyewe ndiyo inayoushambulia utumbo. Hauambukizi. Haukuletwa na mkono wa mtu. Hauishi kwa dozi ya wiki moja pia: unalala, unaamka. Ukilala nafundisha, nafunga, nakwenda harusini kama watu wengine. Ukiamka ni choo usiku na mchana, damu, ute, tumbo kusokota na uchovu wa kukulaza mchana kweupe. Na katika hali zote mbili, anayekutana nami njiani anasema mwalimu umependeza.

Kwa wanaosema "mbona unaonekana mzima?" huwa namtaja Shinzo Abe, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Japani. Ugonjwa huuhuu ulichangia kumwondoa madarakani mwaka 2007, na mwaka 2020 akajiuzulu tena kwa sababu yake. Kwenye televisheni naye alionekana mzima.

Ninayoandika hapa ni ya mtu aliyekwisha kupimwa na kesho anatakiwa kazini. Kama bado hujapimwa na unatoa damu, acha kujinunulia metronidazoli, ile dawa ya amiba, dukani. Amiba huleta damu pia, ndiyo maana choo hupimwa kwanza. Lakini umemaliza dozi na damu imerudi? Omba rufaa upigwe kipimo cha kamera ya utumbo mpana. Bila kamera hiyo utazungushwa kwenye amiba na taifodi mpaka uchoke.

Anza na choo

Kabla ya chakula, kabla hata ya dawa, panga choo. Ugonjwa huu ukiamka haukupi muda: umebanwa, na hapohapo unatakiwa uwe umeshafika. Kwa hiyo siku ambayo huumwi ndiyo siku ya kujua choo kiko wapi, kinafungwa saa ngapi, na ufunguo anao nani.

Shuleni kwetu choo cha walimu kina kufuli, na ufunguo ulikuwa unakaa kwenye droo ya mwalimu wa taaluma. Akiwa darasani, droo imefungwa. Nilimfuata mwalimu mkuu Ijumaa mchana, watoto wameshaondoka, nikamwambia hivi: "Mkuu, shikamoo. Nina ugonjwa wa utumbo wa kudumu, barua ya daktari hii hapa. Siombi kupunguziwa vipindi. Naomba mambo mawili tu: nichongeshe ufunguo wangu wa choo, na nipangiwe lile darasa la mwisho, karibu na choo." Akaisoma barua, akauliza kama unaambukiza, nikamwambia hapana. Jumatatu nilikuwa na ufunguo. Nimeufunga kwenye kamba ya kitambulisho, uko shingoni muda wote, maana kupekua mkoba huku umebanwa ni mateso.

Nawe fanya hivyohivyo popote unapofanya kazi. Nenda na barua, nenda siku tulivu, omba kitu kidogo kinachotajika. Ukisema tu "naumwa tumbo", mkubwa wako atakupa pole na hakuna kitakachobadilika. Huna haja ya kumweleza habari za damu.

Nikibanwa katikati ya kipindi, kiranja anajua: nikiandika zoezi ubaoni na kumkabidhi chaki, yeye anasimamia, na mwalimu wa darasa la jirani anatupia jicho dirishani. Nimepatana naye, akienda benki namshikia darasa lake.

Kisha kimfuko. Changu ni cha zipu na hakitoki ndani ya mkoba: khanga nyepesi, chupi za akiba, tishu, kipande cha sabuni, mafuta ya mgando, mfuko usiovuja wa kuwekea nguo chafu, chupa ya maji ya nusu lita kwa choo kisicho na maji, na sarafu. Sarafu usizidharau, kwa sababu kwenye choo cha kulipia ukitoa noti ya elfu kumi utasubirishwa chenji mlangoni. Ila cha thamani kuliko vyote ni khanga. Ukichafuka unajifunga juu ya sketi na kuendelea na safari, hakuna atakayegeuka kukutazama. Mwanamume abebe suruali ya akiba, nyeusi, iliyokunjwa vizuri.

Ukienda haja mara nyingi, ngozi huchubuka. Chamba kwa maji, jikaushe kwa kugusagusa bila kusugua, paka mafuta. Fanya hivyo tangu siku ya kwanza, usingoje ipasuke.

Dawa

Dawa za kuutuliza utumbo, kama mesalazini na sulfasalazini, zinaendelea kumezwa hata ukiwa mzima. Hapa ndipo wengi wanapoangukia: miezi inapita bila damu, fedha zinabana, mtu anaacha, na ugonjwa unaamka. Vidonge vya mesalazini vimeze vizima, usivitafune wala kuvisaga, kwa sababu vimetengenezwa viyeyukie chini kwenye utumbo. Sulfasalazini meza baada ya kula, na usishtuke mkojo ukigeuka rangi ya chungwa. Muulize daktari kuhusu asidi foliki ya kwenda nayo.

Prednisoloni ni dawa ya aina ya homoni ya kuzima ugonjwa ulioamka, imezwe asubuhi ukiwa umekula. Usiiache ghafla hata ukijisikia vizuri namna gani. Hupunguzwa kidogokidogo kwa maelekezo ya daktari, kwa kuwa mwili ukizoea kupewa hiyo homoni huacha kutengeneza ya kwake ya kutosha. Uso utajaa, na majirani watasema umenawiri. Waambie asante, uendelee na ratiba yako. Na kabla ya kuanzishiwa dawa nzito za kushusha kinga, hakikisha umechunguzwa kifua kikuu. Kwa nchi kama yetu hili usiliache lipite.

Maumivu mengine, kichwa, mgongo, hedhi, mimi natumia parasetamoli. Diklofenaki na ibuprofeni zinaweza kuuamsha utumbo, na dukani ndizo zinazotolewa haraka. Kwa hiyo nasema mwenyewe kabla sijapewa: "Dada, nina kolaitisi, usinipe diklofenaki." Haluli na dawa za kusafisha tumbo kaa nazo mbali kabisa, hata aletaye awe bibi yako unayempenda.

Agiza dawa mpya ukiwa bado na za wiki mbili. Dawa hizi si za kila duka. Nimewahi kufika kaunta nikaambiwa zimeisha, rudi wiki ijayo.

Kula

Hakuna chakula kimoja cha wagonjwa wote, na hakuna chakula kinachoponya. Kinachosaidia ni daftari. Andika ulichokula na siku ilivyokwenda, mwezi mzima, ndipo useme kitu gani kinakudhuru. Daftari langu lilionesha kwamba maharage ya jioni na chai ya maziwa vinanisumbua, lakini samaki wa nazi, ambaye kila mtu alinikataza, hana neno na mimi. Ningewasikiliza ningeacha chakula cha kwetu bure.

Ugonjwa ukiamka punguza nyuzinyuzi kwa muda. Sembe badala ya dona, wali mweupe, viazi vilivyomenywa, ndizi mbivu, mtori laini, samaki wa kuchemsha, yai. Makande, mahindi ya kuchoma, karanga, korosho na pilipili vingoje. Ukitulia, rudisha mboga na matunda polepole, usiishi kwa wali mtupu mwaka mzima. Kula kidogo mara nyingi.

Maji yanayopotea lazima yarudi. Pakiti ya ORS ni bora. Ikikosekana, lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko visawazishwe juu. Kunywa funda kwa funda. Na kwa kuwa damu inatoka kidogokidogo bila kuiona kubwa, omba upimwe wingi wa damu kila kliniki. Ukihema kwa kupanda ngazi chache, usiseme ni uzee. Ukipewa vidonge vya madini ya chuma, vitaufanya choo kuwa cheusi, hiyo ni kawaida yake.

Safari

Kliniki yangu iko Muhimbili, na tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria mwaka 2024 naenda Dar kwa amani, kwa sababu ina choo ndani. Nakata kiti cha karibu nacho.

Basi ni habari nyingine. Kabla halijaondoka nenda kwa kondakta, pembeni, umwambie kwa sauti ya kawaida: "Kaka, nina ugonjwa wa utumbo. Nikikuomba kuchimba dawa, sitakuwa na subira. Naomba uniweke mbele na umwambie dereva." Ukimwambia kabla, huwa wanasimamisha. Ukimwambia basi linakimbia na abiria wana haraka, utaambiwa vumilia mpaka kituo cha chakula. Kwenye daladala mimi hukaa karibu na mlango, na foleni ikikaza nashuka mapema nitembee. Siku ya safari nakula kidogo sana mpaka nifike.

Watu wako

Kwenye shughuli nakula nyumbani kwanza. Kwa mama mkwe haiwezekani kukataa sahani mbele za watu, kwa hiyo nampigia siku moja kabla: "Mama, shikamoo. Pilau lako nalijua, lakini tumbo langu limeamka. Niwekee wali mweupe na kipande cha samaki, nije nile na wewe jikoni." Ameshazoea, siku hizi ananiuliza yeye mwenyewe: leo limelala au limeamka?

Ramadhani, muulize daktari mapema, mwezi wa Shaabani, wala usingoje mwandamo. Qurani yenyewe katika Suratul Baqara imemruhusu mgonjwa kula na kulipa siku nyingine. Mwaka ambao ugonjwa umeamka sifungi. Kuna jirani aliyesema nimepata kisingizio, na iliniuma sana, kwa sababu ningetamani kufunga kuliko anavyojua. Tarawehe naswali safu ya nyuma, karibu na mlango.

Mume au mke umwambie yote, pamoja na kwamba kuna usiku utakuwa umechoka na si kwamba humpendi. Watoto waambie tu kwamba mama akikimbilia chooni, wampishe.

Siku ya kwenda hospitali

Usijivumilie hapa. Haja zenye damu zikifika mara 6 au zaidi kwa siku, pamoja na homa inayozidi nyuzi 37.8 au mapigo ya moyo yanayozidi 90 kwa dakika ukiwa umekaa, nenda siku hiyohiyo. Tumbo likivimba likawa gumu na huwezi kutoa hata hewa, nenda usiku huohuo. Na hata ukiwa mzima, ukifikisha miaka 8 tangu dalili zianze, muulize daktari kuhusu kamera ya uchunguzi, kwa sababu ugonjwa huu ukikaa miaka mingi huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana.

Zamu ya usiku mara nyingi utakuta daktari asiyekufahamu. Andika karatasi moja: jina la ugonjwa, mwaka ulipogundulika, dawa na dozi zake, kwamba hupewi diklofenaki, tarehe ya kamera ya mwisho, kundi la damu, namba ya ndugu. Iweke nyuma ya kadi ya bima, uipige picha, na picha hiyo umtumie mtu mmoja unayeishi naye.