Kukagua gari la daraja la stoku: hatua kwa hatua

Katika mbio za dragi za Marekani, yaani magari mawili kushindana kwenye njia fupi iliyonyooka, daraja la stoku ni la magari yanayotakiwa kubaki karibu kabisa na yalivyotoka kiwandani. NHRA, chama cha mbio hizo kilichoanzishwa mwaka 1951, huyapanga kwa kugawanya uzito wa gari kwa nguvu za farasi ambazo chama chenyewe kimeikadiria injini. Klabu ndogo za ridhaa huiga mpango huo, zikanunua kitabu cha sheria na kusahau kununua bureti, ile bomba ya kioo yenye alama za kupimia ujazo wa maji.

Hatua ya 1: Andika sheria kwa namba. "Kemshafti ya kawaida", yaani mhimili unaofungua valvu, haipimiki. Kunyanyuka kwa valvu kunapimika, na ndivyo NHRA wanavyofanya: muda wa valvu kukaa wazi ni hiari yako, lakini kimo cha kunyanyuka lazima kilingane na cha kiwanda. Kisha ongeza mstari mmoja: kisichoruhusiwa kwa maandishi kimekatazwa. Bila mstari huo mtabishana mpaka giza liingie.

Hatua ya 2: Mzani. Gari lipimwe likitoka tu kumaliza mbio, dereva akiwa ndani. Lisipitie kwanza bandani kwake, maana huko uzito huongezeka kimiujiza.

Hatua ya 3: Vua hedi, kifuniko cha juu cha silinda. Hapa usione haya. Injini ya Chevrolet 350 (ukubwa kwa inchi za ujazo) iliyofungwa krenki ndefu, mhimili unaosukumwa na pistoni, ikawa 383, kwa nje ni ileile. Ya kiwandani ina silinda za kipenyo cha milimita 101.6 na pistoni inatembea 88.4, zote nane zinatoa kama cc 5,733. Kwenye 383 pistoni inatembea 95.25, silinda zimechongwa hadi 102.4, na jumla inakaribia 6,270. Hiyo ni zaidi ya nusu lita ya wizi. Wapo wanaopima kwa kutumbukiza fimbo kwenye tundu la plagi, lakini tundu hilo limelala upande, na kipimo kinalala nalo. Zungusha krenki, pima kina cha pistoni ikiwa juu kabisa, kisha ikiwa chini kabisa, utoe.

Hatua ya 4: Chumba cha mwako. Geuza hedi, plagi ikiwa mahali pake na valvu zimefunga. Paka grisi nyembamba ukingoni, funika kwa kipande cha plastiki angavu chenye tundu, jaza spiriti yenye rangi kwa bureti. Inamisha hedi kidogo ili tundu liwe upande wa juu, la sivyo povu la hewa litakupa namba ya uongo. Kiasi kilichoingia kijumlishe na nafasi ya gasketi na ile iliyobaki juu ya pistoni. Kwa silinda ya cc 717, jumla ya 80 inaleta mgandamizo wa karibu 10 kwa 1. Ikiwa 70, umefika 11.2. Cc kumi tu!

Kabureta haina maneno mengi: geji ikipita kooni pasipopaswa, gari limetoka.

Hatua ya 5: Nani afunguliwe? Mshindi, kila mara, na mwingine mmoja kwa kura, ili isionekane fulani anaandamwa. Spana ashike mwenye gari. Mkaguzi ashike vipimo tu, na wasome wawili. Mwenye kulalamikia gari la mwenzake aweke amana kwanza. Malalamiko yakianguka, amana hiyo inanunua gasketi mpya za aliyefunguliwa bure.