Kitabu cha picha na mtoto mdogo: mwache yeye ndo aongee

Wazazi wenzangu wa hapa Lamu, hili jambo naliona sana na linaniuma, mtu ananunua kitabu kizuri cha picha afu anakiweka juu ya kabati ati mtoto atakirarua, mpaka aingie PP1, yaani mwaka wa kwanza wa chekechea, ndo kitolewe. Kitoeni sasa hivi. Hata wa miezi sita anafaidi, mpakate, mtajie jina la kile anachokiangalia, basi. Atakitia mdomoni, sawa tu, kwa umri huo tafuta kile cha kurasa ngumu.

Kubwa zaidi ni hili, usimsomee mwanzo mpaka mwisho yeye kanyamaza. Muulize, afu subiri. Subiri kabisa, hesabu mpaka tano kimoyomoyo, manake mtoto wa miaka miwili bado analitafuta neno na sisi wakubwa tuna haraka ya kumjibia.

Akisema "punda", wewe sema "eeh, punda, tena amebeba mawe, anayapeleka wapi?" Akijibu "kule", mwambie "anayapeleka kule kwenye nyumba inayojengwa". Umeona, neno lake umelichukua, umeliongezea kidogo, umemrudishia. Mkirudia ukurasa huo huo siku nyingine mwache yeye aanze, na akitaka kitabu kile kile kila usiku mpe, kurudia ndo kunamwingiza maneno. Maswali ya ndio au hapana hayamfungui mdomo, uliza nini, wapi, anafanya nini, na akifika miaka minne hivi uliza kwa nini, na unadhani sasa itakuwaje.

Si maneno yangu tu. Kwenye utafiti uliochapishwa mwaka 1988 kule Marekani, mwanasaikolojia Grover Whitehurst na wenzake waliwafundisha wazazi wa watoto wa miaka miwili hivi kusoma kwa mtindo huu kwa mwezi mmoja, wale watoto wakawapita kwa lugha wenzao waliokuwa wanasomewa mara nyingi vilevile lakini kwa njia ya kawaida.

Kwa hivo bibi asiyejua kusoma pia anaweza, picha zipo na hadithi anazo. Na ongeeni lugha ya nyumbani, kama ni Kiamu ni Kiamu, kama ni Kibajuni ni hicho hicho, hata kitabu kiwe kimeandikwa Kizungu.

Kitu kingine cha kwetu, mtoto aliyeanza chuoni kusoma Kurani ameshazoea juzuu inafunguliwa kutoka kulia, na hiki cha Kiswahili kinafunguliwa upande wa pili. Mwambie waziwazi "hiki tunaanzia huku", upitishe kidole chini ya maneno kutoka kushoto, si kurasa zote, moja mbili zatosha, la sivyo hadithi inageuka somo na atakimbia. Akichoka funga, hata kama ni dakika tatu tu.

Vitabu ni ghali najua. Ingieni mtandao wa African Storybook, mradi wa Saide wa Afrika Kusini, una hadithi za picha za bure na za Kiswahili ziko, pakua ukiwa na wifi usome kwa simu bila bando. Ukitaka karatasi peleka saiba, lile duka la kompyuta, wakuchapishie nyeusi na nyeupe, rangi bei iko juu, afu mpe mtoto kreyoni apake mwenyewe na umuulize kila anachopaka ni nini.