Studio ya miksi ya Atmos hapa Mombasa: chumba kwanza, spika baadaye

Tangu Apple Music waanze kucheza miksi za Dolby Atmos (sauti inayokuzunguka pande zote mpaka juu ya kichwa) mwaka wa 2021 kila prodyuza hapa anauliza anunue spika gani, na jibu langu ni lile lile, weka hizo pesa kwanza twende tukaangalie chumba. Spika nzuri kumi na mbili kwenye chumba kibovu zitakudanganya kutoka pande zote kumi na mbili.

Kumi na mbili manake mpangilio unaotumika sana kwa muziki ni 7.1.4: saba usawa wa masikio, sabwufa moja ya LFE (njia ya besi nzito za chini kabisa), na nne juu ya kichwa.

Sasa chumba. Najua wengi wanazipenda nyumba za Mji wa Kale, kuta nene za matumbawe, kelele za nje hazipenyi ovyo, lakini pima upana kabla hujalipa deposit. Vyumba vile upana wake ulifuata urefu wa boriti za mkoko, ndio mana vingi ni virefu na vyembamba, mita mbili na nusu au tatu hivi, na hapo spika za ubavuni zitakuwa zimekukaa masikioni kabisa. Tena lile ni eneo la hifadhi, huwezi kuamka tu ukabomoa dirisha la mbele. Mimi ningetafuta nyumba ya kawaida Tudor, Nyali au hata Mtwapa, chumba cha chini kabisa (kuta za ziada ni nzito, usimtwishe jirani juu ya kichwa), kama mita 5.5 kwa 4 na dari mita 2.8 kwenda juu.

Kimbia chumba cha mraba. Kwa joto letu sauti inakwenda kama mita 348 kwa sekunde, chukua hiyo ugawe kwa urefu wa chumba mara mbili, basi mita 3 inakupa 58 Hz. Chumba kikiwa mita 3 urefu, 3 upana na 3 kwenda juu, vipimo vyote vitatu vinavimbisha besi palepale kwenye 58, wewe unadhani imezidi unaikata, mteja akienda kusikiliza garini kwake anakuta besi hakuna.

Kelele: ukuta wa mawe ukipigwa plasta vizuri sio shida sana, shida ni mlango na madirisha. Mlango mzito wa mbao, mpira pande zote mpaka chini kwenye kizingiti, dirisha uliwekee kizibo cha mbao na jipsam tabaka mbili. Adhana utaisubiri iishe, ni dakika chache, ila tuktuk na kunguru hawana ratiba. Sasa ukishaziba kila tundu chumba kinakuwa tanuri, hapo ndio watu wengi wa pwani wanakwama, wanafunga AC juu ya kiti halafu wanamiksi na upepo unavuma kwenye sikio. Kompyuta na ampu zipeleke chumba cha pili, AC iwe kubwa kuliko unavyohitaji ili uizungushe taratibu, na hewa safi iingie kwa njia ndefu yenye kona kona iliyofunikwa pamba ndani, hewa inapita sauti inachoka njiani.

Halafu kuta kwa ndani. Trei za mayai na sponji za godoro sahau, zinakula sauti nyembamba tu, besi inabaki inazunguka na chumba kinasikika kimezibwa pua. Tafuta pamba ya mawe, rockwool, unene wa sentimita 10, mwambie seremala akutengenezee fremu, kisha isimame mbali na ukuta sentimita 10 nyingine. Hiyo nafasi ya nyuma hapa kwetu ina faida mbili: inashusha masafa inayoweza kunyonya, na hewa inapita ukuta usiote kuvu wakati wa masika. Kona zote jaza kuanzia chini mpaka dari. Usisahau dari yenyewe juu ya kiti.

Kitambaa cha kufunikia kijaribu kwa mdomo, kibandike kwenye midomo upulize, pumzi ikipita na sauti itapita. Leso ya pamba inafaa, gunia la Kongowea likioshwa vizuri linafaa, kile kitambaa cha plastiki kinachong'aa cha masofa hakifai. Na usidanganywe ujaze sufi kwenye fremu kwa sababu ni rahisi, sufi inanyonya sauti kweli lakini inashika moto haraka sana, na wewe una nyaya kila pembe.

Kupanga spika sasa, hapa usikadirie kwa macho. Simamisha stendi ya maiki pale kichwa kitakapokuwa, kama mita 1.2 kutoka sakafuni, funga kamba isiyorefuka ikivutwa, na urefu ule ule wa kamba uufikishe kwenye kila spika ya chini. Moja katikati mbele yako, kushoto na kulia nyuzi (digrii) 30 kutoka hapo, za ubavuni kati ya 90 na 110, za nyuma 135 hadi 150. Za juu ukiziangalia kwa ubavu ziwe nyuzi 45, mbele mbili nyuma mbili, kwa hiyo dari ikiwa mita 1.6 juu ya masikio basi nazo zinakaa kama mita 1.6 mbele na 1.6 nyuma yako. Kama kuna spika iliyokaa mbali kuliko kamba inavyofika, zile zilizo karibu zaidi zicheleweshe, milisekunde moja ni kama sentimita 35.

Za juu zifungwe kwenye slebu kwa bolti zisizoshika kutu pamoja na mnyororo wa usalama. Chumvi ya bahari hapa inatafuna chuma cha kawaida polepole na siku bolti ikikatika uko chini yake. Kwenye boriti za zamani usining'inize kitu, simamisha fremu yako kutoka sakafuni.

Stima weka stabilaiza na UPS kabla hata ya kuwasha mara ya kwanza. Kisha intafesi yenye njia 12 za kutoa sauti, na softwea, Logic Pro tayari ina renda ya Atmos (kile kinachogawa sauti kwa kila spika) ndani yake.

Kupima: pakua REW, programu ya kupimia sauti ya chumba, ni ya bure, maiki ya kupimia iweke kwenye kiti, kila spika isome sawa, vyumba vidogo wengi hutumia 79 dB, na LFE iongezewe 10. Ukiona bonde kubwa kwenye besi usilijaze kwa EQ, sogeza kiti kwanza, sentimita 20 tu mbele au nyuma zinabadilisha mengi.

Miksi ya kwanza jaribu taarab. Mwimbaji mbele, udi na ganuni zifunguke ubavuni, fidla ziinuke kidogo juu, kibwagizo cha waitikiaji nyuma, dumbaki na besi zisitangetange. Isikilize na kwa hedfoni maana wasikilizaji wengi ndiko walipo, halafu toa faili la ADM (ndilo linalobeba miksi nzima ya Atmos) ikiwa -18 LKFS, yaani ukubwa wa sauti kwa wastani, au chini, vilele visipite -1 dBTP.