Kujifunza Kuchora Mandhari kwa Kunakili Kazi ya Bingwa

Anayeanza kuchora mandhari hapa Mbeya ningemshauri asikimbilie kwanza Mlima Loleza, bali anakili picha moja ya mlima wa Sainte-Victoire iliyochorwa na Paul Cézanne, mchoraji Mfaransa aliyerudia kuuchora mlima huo mara nyingi hadi kufa kwake mwaka 1906, kwa kuwa ndani ya picha hiyo maamuzi magumu yamekwisha kufanywa na kazi yako ni kuyafuata.

Chapisha picha hiyo, uigawe kwa miraba ya sentimita 2, kisha chora miraba ya sentimita 4 kwenye turubai, ili kila mstari upate mahali pake kwa ukubwa maradufu. Tandaza rangi ya mafuta ya kahawia iliyozimuliwa kwa tapentaini, ukitenganisha giza na mwanga tu.

Penye rangi usiharakishe. Changanya kila rangi pembeni, paka tone dogo ukingoni mwa picha uliyochapisha, ulinganishe, urekebishe. Utagundua kwamba mlima wa mbali si wa bluu tupu, bali ndani ya bluu ile mna waridi na kijivu, na kwamba alama za brashi zimelala mshazari, moja kando ya nyingine, bila kusuguliwa. Mimi nilirudia mteremko mmoja mara sita, na ndipo nilipoanza kuona.

Ukimaliza, andika nyuma ya turubai kwamba hiyo ni nakala. Kisha chukua brashi zilezile uende unapouona Loleza asubuhi, ukungu ukiwa bado mabondeni, uujaribu mshazari uleule.